Bi Daulat wa Dixon Road, Mtafutia Mawakili Nafasi

Katika mji huu wote wa Toronto, kuanzia ziwani mpaka kule Vaughan ambako nyumba zimepangwa kama sabuni dukani, hakuna kijana wa umri wangu aliyewavalisha mawakili wengi kuliko mimi, Kangethe. Nimefunga tai za watu mia moja na tisa. Wawili kati yao leo wakisimama mahakamani upande wa pili unaomba maji ya kunywa. Shule niliiacha darasa la kumi na moja, kwa hiari yangu, na shule yenyewe haijawahi kunipigia kuuliza nitarudi lini. Hata hivyo, mwenyekiti wetu Bwana Moez alipotafuta mtu wa kuandika ukurasa huu wa kumuaga mwenzetu kwa Kiswahili kilichonyooka, alizunguka ofisi nzima, ofisi yenye digrii kumi na moja ukutani, kisha akaja kusimama mbele ya meza yangu. Nilimwacha asimame kidogo.

Haya, tuje kwa mwenyewe. Bi Daulat Fidahussein anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Aprili 2016, baada ya miaka kumi na mitano na miezi saba katika Kituo cha Ajira cha Wanasheria Wapya, hapa Kingsview Village, chini ya ghorofa la Dixon Road ambako ndege hupita karibu hivi kwamba ukiwa kwenye simu na wakili mkubwa inabidi ujifanye unakohoa mpaka mlio uishe. Kwa muda huo watu mia mbili na kumi na mmoja waliokaa kwenye kiti chake cha plastiki wamepata nafasi. Mmoja hakupata.

Huyo mmoja anaitwa Chelagat. Kila mtu kituoni anajua habari yake na kila mtu anajifanya haijui, kwa hiyo naisema mapema tupumue. Watu wanasema Bi Daulat ndiye aliyempotezea Chelagat nafasi yake, kwa maneno aliyoyasema kwenye simu. Chelagat mwenyewe anaamini hivyo, na mwaka wa tatu sasa hamsalimii. Alipelekewa kadi ya mwaliko wa chakula chetu cha kumuaga Bi Daulat Jumamosi, kadi ikarudi haijafunguliwa. Bi Daulat aliipokea, akaitia kwenye droo, akaendelea kupiga mihuri bahasha. Nitafika huko. Kwanza sifa, maana zipo tele, na mimi kusifu najua. Nimejizoeza sana juu yangu mwenyewe.

Bi Daulat alizaliwa Tanga. Dar es Salaam alipiga taipu kwa wakili mmoja aliyekuwa na mwandiko kama kuku amepita kwenye majivu, na anasema hapo ndipo alipojifunza kusoma chochote. Alifika Toronto mwaka 1988. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa katibu katika ofisi za mawakili kule mjini kati, kwenye yale maghorofa ya vioo ambayo lifti zake zinakuacha tumbo chini. Yeye si wakili, hakuwahi kuwa, na hilo ndilo lililomfanya awe hatari. Aliijua ofisi ya wakili kupitia mlango wa nyuma.

Kwa wale wasioijua kazi yetu, nieleze kwa ufupi. Mtu akimaliza shule ya sheria katika mkoa huu hawi wakili hapo hapo. Lazima kwanza apate wakili wa kumchukua afanye kazi chini yake kwa miezi kumi, mwaka wa uanagenzi. Digrii unaweza kusomea peke yako na mitihani unaweza kukesha nayo peke yako, lakini mwaka huo hupewi mpaka mtu mwingine akukubali. Na waliotoka kwetu, waliosomea sheria Nairobi au Dar, wanafika hapa wanaulizwa, je, una uzoefu wa Kanada? Utaupata wapi, na ndio kwanza umetua?

Hapo ndipo Bi Daulat alipoingia Septemba 2000, akakuta chumba kitupu, simu moja ya mezani na bango linalosema karibuni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kununua kadi ndogo za karatasi na bati la biskuti la kuzitia. Kila kadi ni ofisi moja ya wakili. Lakini usitafute jina la wakili juu ya kadi. Juu yake kuna jina la katibu wake.

"Barua yako wakili haioni mpaka katibu aipende," huwaambia wahitimu. "Wewe unamwandikia mheshimiwa, kumbe anayefungua bahasha ni Mama Fulani mwenye maumivu ya mgongo. Mheshimu huyo."

Basi ndani ya lile bati utajua katibu gani anaugua mgongo, yupi ana mtoto anayeoa, yupi hapendi kupigiwa kabla hajanywa kahawa. Mhitimu akileta barua ya maombi, Bi Daulat humsimamisha karibu na birika aisome kwa sauti. Pale anapokwama, ndipo penye uongo. "Hapo rudia," humwambia. "Wewe mwenyewe ulimi umekukatalia." Nimewaona watu wenye digrii mbili wakitokwa jasho mbele ya birika.

Mimi nilifika mwaka 2010, nikiwa na miaka ishirini. Nilikuja kurekebisha printa, nikairekebisha, nikakaa. Nilipewa bahasha, simu, na lile kabati la suti za kuazimisha ambazo watu wema hutuletea. Baadaye nikajiongezea cheo cha mwalimu wa hoki, ule mchezo wao wa kwenye barafu, maana mawakili wa hapa hawawezi kuanza intavyu bila kutaja mechi ya jana. Somo lenyewe si gumu. Timu ya hapa mjini miaka ile ilikuwa inafungwa tu, kwa hiyo mhitimu nilimfundisha kutikisa kichwa taratibu na kusema, "Labda mwakani." Watu wamepata kazi kwa maneno hayo mawili. Wengine husema walipata kazi kwa sababu ya akili zao; waacheni.

Siku za mazoezi ya intavyu Bi Daulat alinivalisha koti la Bwana Moez, akaniketisha nyuma ya meza niwe wakili mkubwa. Alikuja dada mmoja ambaye kwa dini yake hapeani mikono na wanaume, na alikuwa haogopi sheria wala mitihani ila sekunde ile moja ya mkono wa mtu kubaki hewani. Bi Daulat alimfundisha kuwahi: ingia, mkono kifuani, tabasamu, sema jina lako na kitu kimoja ulichosoma kuhusu kazi ya ofisi ile, yote kabla mwenyeji hajainuka kitini. Tulirudia mara thelathini. Nilinyoosha mkono kwa kila hila ninayoijua, hata mara moja nilijificha nyuma ya mlango. Mara ya thelathini alinifanya nijione mimi ndiye mshamba. Leo ana ofisi yake mwenyewe, na mimi bado nadai sifa zangu.

Sasa niwaambie habari ya Wakili Bahadur wa Scarborough. Mzaliwa wa Kisumu, ofisi yake iko kwenye plaza, kushoto kinyozi, kulia wauza roti, na mafaili yake yalikuwa yamejaa mpaka mteja akikaa hana pa kuweka miguu. Bi Daulat alisema huyu anahitaji mwanagenzi, tatizo ni kwamba hajui. Akawa anapanda basi kila mwezi, saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, anaingia, anasalimia, anauliza.

"Mama, nilikwambia mwezi uliopita sina nafasi," Wakili Bahadur alimwambia.

"Sijaja kuomba nafasi. Nimekuja kuangalia kama lile rundo la mafaili la dirishani limeanguka."

"Halijaanguka."

"Alhamdulillahi. Nitarudi."

Alirudi mara tisa. Mara ya kumi ilikuwa Januari, baridi ya kukata masikio, na rundo lilikuwa limeanguka kweli. Wakili Bahadur alikuwa amepiga magoti sakafuni, faili la talaka mkono mmoja, la nyumba mkono mwingine.

"Haya, mama, umeshinda. Huyo mtu wako niletee wiki ijayo."

"Yupo."

"Yupo wapi?"

"Hapo kwa kinyozi. Nilimweka humo asigande."

Kumbe kinyozi naye alikuwa hawezi kumwona mtu amekaa bure. Aliingia Ngugi, mhitimu wetu, suti safi, tai niliyomfungia mimi, na kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Wakili Bahadur alimwangalia kichwa, akasema, "Huyu hata kama nikimkataa hawezi kutoka nje hivi. Kaa, anza na hizo za talaka." Ngugi alikaa. Mpaka leo Wakili Bahadur huchukua mwanagenzi mmoja kutoka kwetu kila mwaka, na Jumamosi atakuwepo, msimkumbushe habari ya nywele.

Msidhani mimi nimepita hapa bila makovu. Nina barua mbili za onyo, na kwa kanuni za kituo ya tatu inakuonyesha mlango. Ya kwanza niliipata pale mzee mmoja mpole alipoingia, nikamwambia akae, nikamuuliza kama ameleta wasifu wake na kwa nini amechelewa hivi kuanza maisha. Alikuwa jaji mstaafu, mgeni wa heshima wa siku hiyo. Alicheka mpaka akafuta miwani. Bwana Moez hakucheka.

Ya pili ilikuwa ya Reza. Reza amezaliwa hapa hapa, Kiswahili unamwambia anaelewa chote, halafu anakujibu Kiingereza. Alama zake zilikuwa za katikati, wasifu wake mkavu kama mkate wa juzi. Nikaona nimsaidie. Penye mambo anayoyapenda nikaandika bingwa wa hoki. Loo! Ofisi ikampigia siku ya pili. Wana timu, Alhamisi wanacheza na ofisi jirani, wangependa kumwona kwenye barafu. Reza alikuja kituoni rangi imemtoka, maana huyo hajawahi hata kuvaa vile viatu.

Bi Daulat hakunigombeza. Alimpa Reza simu, akamwambia, "Piga. Waambie."

"Bibi, I can't."

"Unaweza. Waambie hata kusimama kwenye barafu hujui."

Reza akapiga, akasema ukweli wote. Upande wa pili kicheko kikasikika mpaka kwenye meza yangu. Walimwambia aje hivyo hivyo, mlinda mlango wao naye hajui kusimama. Aliajiriwa. Na mimi nikapata barua yangu ya onyo, ambayo Bi Daulat aliipiga taipu mwenyewe, bila kosa hata la nukta, halafu akanipa kachori.

Hivyo ndivyo alivyo. Nimemwona akivua skafu yake mwenyewe kumpa mhitimu aliyefika kutoka uwanja wa ndege na shati la mikono mifupi mwezi wa pili. Nimemwona akimkatalia tajiri mmoja aliyetaka mwanawe apelekwe mbele ya wengine. Alimpa chai, akamwonyesha foleni. Mwaka 2014, nafasi zilipozidi kuwa haba na wahitimu kuzidi kuwa wengi, magazeti yalipoandika kwamba mlango unafungwa, yeye alitoa lile bati la biskuti, akaanza kadi ya kwanza, akapiga simu mpaka ya mwisho. Mwaka huo tulipata nafasi kumi na saba.

Sasa Chelagat.

Chelagat alitoka Kericho mwaka 2009 na digrii ya sheria yenye alama ambazo mimi nikiziona huwa nasalimia. Hapa akaambiwa afanye mitihani ya kulinganisha elimu yake. Akaisomea kwenye vituo vya basi, akaipita yote. Chakula chake alikipata kwenye ghala moja nyuma ya uwanja wa ndege, kupakia masanduku, mahali ambapo ukiingia simu yako inafungiwa kwenye kabati hadi zamu iishe. Ndiyo maana kwenye barua zake zote za maombi aliandika namba ya kituo.

Bi Daulat alimpenda kuliko sisi wote, wala hakulificha. Ijumaa Chelagat alikuwa akila kwake. Alimletea mursik, maziwa ya mgando ya kwao Kericho, ndani ya kibuyu halisi, na Bi Daulat akanywa macho kayafumba, akaomba kijiko cha sukari. Walikuwa wakicheka kwenye simu kama wasichana wa bweni. Mmoja akiwa na mama yake mbali, na mwingine akiwa na mtoto ambaye hakubahatika kumzaa, basi wanaweza kukutana hivyo, Dixon Road.

Lakini kwa kanuni za uwakili Chelagat alikuwa na miaka mitatu tu ya kupata wakili wa kumchukua tangu alipojiandikisha, na miaka hiyo ilikuwa inaisha Juni 2013. Aprili ya mwaka huo ofisi moja ndogo ya mjini kati, mawakili wanne wanaotetea wafanyakazi, ilimwita mara mbili. Mara ya pili walimwonyesha hata meza atakayokaa. Wakasema watapiga simu Jumatano asubuhi.

Wakapiga. Wakaambiwa kwenye simu kwamba Chelagat anagombewa na ofisi nyingine tatu. Wakampa nafasi mtu aliyemfuata. Juni ikafika, Chelagat akaomba aongezewe muda, hakuongezewa. Leo ni msimamizi wa zamu kwenye ghala lile lile. Akili ya kuendesha kesi inaendesha masanduku. Kamati ya kituo ilipouliza nani alisema yale kwenye simu, Bi Daulat alisema ni yeye, ikaandikwa hivyo, na hivyo ndivyo inavyojulikana.

Bi Daulat, sasa nakusemesha wewe. Wafanyakazi wote wa kituo wanakushukuru, na wale mia mbili na kumi na mmoja wanakushukuru pamoja na wake zao, waume zao na wateja wao. Uamke saa unayotaka. Upande basi la kwenda kutembea tu, ukae dirishani, usishuke kwenye ofisi ya mtu yeyote. Mungu akupe afya, magoti yasikusumbue kwenye ngazi, na maisha yakae nawe vizuri.

Bwana Moez aliniambia niishie hapo. Pia aliniambia kwamba kuanzia Jumatatu meza ya Bi Daulat itakuwa yangu. Bwana Moez, subiri kwanza usome hadi chini.

Jumatano ile Bi Daulat hakuwepo ofisini. Alikuwa Scarborough kwa Wakili Bahadur, muulizeni. Aliniachia agizo moja: wakipiga, sema asante, kisha kimbia ghalani ukamwite Chelagat. Ni mwendo wa dakika kumi na tano. Simu ililia saa nne kasoro dakika tano. Mama mmoja akauliza kama Chelagat bado yuko tayari. Nikajiambia kitu kisichogombewa hakina mnunuzi. Nikakaza sauti, nikamwambia zipo ofisi tatu zinamtaka, kwa hiyo wajipange. Haikuwepo hata moja. Yule mama akasema basi wanamtakia heri huko. Niliweka simu chini nikijiona fundi, nikajimiminia chai. Ghalani sikwenda.

Kesho yake Bi Daulat alipowapigia ndipo alipoambiwa. Hakuniuliza kitu. Mbele ya kamati nilifungua mdomo, akanikanyaga mguu chini ya meza, akasema, "Nilisema mimi." Baadaye kwenye korido nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Chelagat ana digrii. Wewe wakikutoa hapa una nini?" Nimenyamaza miaka mitatu, na kila ulipompita bila salamu, dada Chelagat, nilikuwa nimesimama pale pale nikiangalia viatu vyangu.

Yeye hakukukosea kitu. Nafasi yako niliipoteza mimi.